Akiba ya Umeme Tunduma: Majibu kwa Yanayosemwa Dukani na Kijiweni

Ukipita barabara kuu ya Tunduma kuelekea mpakani utakuta paneli za sola zimeegemezwa nje ya maduka ya vifaa vya umeme, na kila duka lina maneno yake. Maneno hayo hayaishii dukani. Yanaendelea kijiweni kwa bodaboda, kwenye vikoba vya kina mama, hata msibani, na mtu anayetaka kujiwekea akiba ya umeme nyumbani huyasikia yote kabla hajatoa hela mfukoni. Wengi wetu mkoani Songwe tunalipia vitu vya aina hii kwa fedha za mavuno, za mahindi au za kahawa ya Mbozi, zinazokuja mara moja kwa mwaka. Ukikosea, unasubiri msimu mwingine. Ndiyo maana nimeona niyajibu maneno hayo moja baada ya jingine, kwa hesabu ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Ninalolisimamia ni hili: akiba ya umeme huchaguliwa kwa kuuliza kwanza nini kisizime, na kwa saa ngapi. Paneli, inveta na betri hufuata jibu la swali hilo. Anayeanzia upande wa vifaa hununua alichonacho muuzaji.

"Bwawa la Nyerere limekamilika, umeme hautakatika tena."

Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ni kazi kubwa, na aliyeupitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 anajua tulikotoka. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi ya taifa Februari 2024, na mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, inafikisha megawati 2,115. Kwa upande wa uzalishaji, nchi imepata nafuu ya kweli.

Lakini umeme unapokatika Sogea au Mpemba saa moja jioni, mara nyingi sababu haiko Rufiji. Upepo umelaza tawi juu ya waya, nguzo imeoza chini, transfoma imezidiwa na mtaa ulioongezeka nyumba kila mwaka, au mafundi wa TANESCO wamezima laini ili watengeneze. Hayo ni mambo ya usambazaji. Tunduma iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, mwisho kabisa wa nchi, na laini ikiwa ndefu, sehemu za kuharibika nazo ni nyingi. Mradi wa TAZA, yaani njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaimarisha uti wa mgongo wa gridi katika ukanda huu. Waya unaoingia kwako kutoka kwenye nguzo ya mtaa ni ule ule. Kwa hiyo akiba bado ina kazi, ila ni akiba ya saa chache, na neno hilo "saa chache" ndilo linaloamua ununue nini.

"Wenzetu wa Nakonde wanafunga kilowati 5. Tufunge kama wao."

Hili nalisikia zaidi kwa sababu mpaka wetu ni wa kuvuka kwa miguu, na kinachofanyika Nakonde leo huwa mazungumzo ya Tunduma kesho. Wenzetu walikuwa na tatizo tofauti na letu. Zambia hutegemea zaidi umeme wa maji, na ukame wa msimu wa 2023/24 ulipunguza sana maji ya bwawa la Kariba, na Rais Hichilema akatangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari 2024. Mwaka ule kulikuwa na vipindi ambavyo nyumba za Zambia zilikaa bila umeme zaidi ya saa 17 kwa siku. Mtu wa hali hiyo anahitaji kuzalisha karibu umeme wake wote mwenyewe. Paneli nyingi, betri kubwa na inveta kubwa zilikuwa jibu sahihi kwake.

Wewe unayekatikiwa saa tatu au nne, mara chache kwa wiki, ukimwiga utalipia mfumo ambao sehemu yake kubwa itakaa bure mwaka mzima.

"Akiba bila paneli ni kupoteza hela. Anza na paneli."

Hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa nyumba ambayo tayari ina umeme wa TANESCO, kinachokuokoa umeme ukikatika jioni ni betri na inveta. Paneli wakati huo imelala, jua limeshazama. Betri haijali ilichajiwa na nini. Inaweza kujazwa na umeme wa LUKU usiku wa manane na ikakutumikia kesho yake jioni bila paneli hata moja kwenye bati.

Tufanye hesabu ya nyumba moja ya kawaida ya mjini. Taa sita za wati 7 zote zikiwaka ni wati 42. TV ya inchi 32 ni kama wati 50, king'amuzi wati 15, ruta ya intaneti wati 10. Umeme umekatika saa 12 jioni na umerudi saa 4 usiku. Kwa saa nne hizo, taa zimekula wati-saa 168, TV na king'amuzi 260, ruta 40, na kuchaji simu nne tuweke 60. Jumla ni wati-saa 528, nusu uniti na kidogo. Inveta nayo inakula chake, tuseme 600. Friji ndogo ikiwamo, ongeza kama 150. Hewa ya Tunduma ni ya baridi na mlango usipofunguliwa hovyo friji haihangaiki sana. Tumefika 750.

Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea 100 inabeba wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 tu ili uitunze, unazo 1,024. Betri hiyo moja inatosha jioni nzima ya nyumba hii, friji ikiwamo, na inabaki na kitu. Kuijaza tena kwa umeme wa TANESCO kunataka karibu uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti ni shilingi 292, ikiongezwa VAT na tozo za EWURA na REA inafika kama shilingi 356. Kwa mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100, na makato yakijumlishwa ni 122. Usiku mzima wa akiba unagharimu chini ya shilingi 400.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Tunduma mjini, Vwawa au Mlowo mwenye mita ya LUKU ni huu: anza na betri nzuri na inveta inayoweza kuchaji kutoka TANESCO, na hakikisha inveta hiyo ina nafasi ya kupokea paneli siku za mbele. Paneli utaiongeza ukipata fedha. Itakusaidia siku transfoma ya mtaa inapoungua na mkakaa siku tatu gizani, maana hapo betri haina mwingine wa kuijaza isipokuwa jua. Kwa aliye mbali na laini, kwenye vijiji vya Ileje vilivyo milimani au kule Kamsamba bondeni, hesabu inageuka: kwake paneli ndiyo TANESCO yake, na lazima aanze nayo.

Kuna jambo moja dogo ndani ya inveta hizi ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja. Inveta nyingi zinazopokea TANESCO na sola zina mpangilio wa aina mbili kwenye menyu. Mmoja, ulioandikwa UPS, unakubali umeme wa kati ya volti 170 na 280 hivi. Mwingine, wa vifaa vya kawaida vya nyumbani, unakubali kuanzia kama volti 90. Mitaa mingi iliyo mbali na transfoma hupata umeme mdogo jioni, watu wote wanapowasha kwa pamoja. Inveta iliyowekwa kwenye UPS ikiona volti 165 inaukataa umeme wa TANESCO na kuhamia kwenye betri, ingawa taa ya jirani inawaka. Saa 4 usiku umeme unakatika kweli, na betri yako tayari imeisha. Mteja anarudi dukani akisema betri ni mbovu. Betri ni nzima. Kinachotakiwa ni kubadilisha mpangilio mmoja kwenye menyu. Kama ni umeme mdogo kiasi cha kuharibu friji, basi friji iwekewe kinga yake ya volti, na mengine yaachwe.

"Paneli ya wati 400 inakupa wati 400 kutwa nzima."

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati lako hali hiyo huja kwa muda mfupi karibu na adhuhuri, au isije kabisa. Njia salama ya kukadiria ni kuzidisha wati za paneli mara 4 kupata wati-saa za siku njema. Paneli ya 400 itakupa kama 1,600. Siku ya Januari yenye mawingu kutwa, chukua nusu yake au pungufu.

Baridi yetu, watu wanayoilalamikia Juni na Julai, ni rafiki wa paneli. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni baridi na jua la kiangazi ni kali. Paneli hiyo hiyo ukiipeleka kwenye bonde la Rukwa, ambako bati huchemka, itatoa kidogo kuliko hapa. Kwa hiyo wanaosema "sola ni ya watu wa joto" wamelishika jambo kinyume. Paneli hula mwanga. Joto huipunguzia.

Sasa, tofauti kubwa zaidi haiko hata angani, iko kwenye kiboksi kinachochaji betri, chaji kontrola. Zipo za aina mbili, PWM na MPPT. Paneli kubwa za siku hizi, za wati 400, hufanya kazi kwenye volti kama 31 na ampea 13. Ukiiunganisha na betri ya volti 12 kwa PWM, kontrola inaivuta paneli ishuke hadi volti za betri, kama 13, na ampea zinabaki zile zile 13. Zidisha: 13 kwa 13 ni wati 169. Umelipia 400, unapata 169, zaidi ya nusu imepotea na hakuna kilichoharibika. MPPT inabadilisha zile volti za ziada kuwa ampea na kukupa karibu zote. Na tahadhari: ziko kontrola sokoni zimebandikwa herufi MPPT nje wakati ndani ni PWM. MPPT ya kweli ni nzito mkononi kwa sababu ina koili ya shaba na bati la kupoozea, na bei yake haiwezi kuwa ya chakula cha mchana.

Paneli za uongo nazo zipo, na kuzigundua hakuhitaji maabara. Beba futi kamba. Paneli nzuri ya leo hutoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paneli ya wati 400 lazima ikaribie mita 2 za mraba, mfano urefu wa mita 1.7 na upana wa mita 1.1, na uzito wake hupita kilo 20. Ukiona "wati 400" inayobebwa kwapani na mtu mmoja kama mkeka, hiyo ni paneli ya wati 100 au 150 yenye stika ya wati 400. Paneli za leo haziwezi kutoa wati 400 kwenye eneo dogo hivyo.

Kuhusu kuielekeza, mafundi wetu wengine hufuata tu mwinamo wa bati ulivyo. Sisi tuko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 9, kwa hiyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Juni limelala kaskazini, Desemba liko kusini kidogo. Mwinamo huo pia unasaidia mvua kuosha vumbi. Kiangazi hakuna mvua ya kuosha, na aliye karibu na barabara ya malori apande na kitambaa laini na maji alfajiri, paneli ikiwa bado ya baridi.

"Betri ya lori inafanya kazi ile ile, tena hapa zimejaa."

Zimejaa kweli. Tunduma ni mji wa malori. Foleni yake inajulikana toka Dar mpaka Lubumbashi, na kila gereji ina betri zilizotumika za kuuza. Bei yake inashawishi. Lakini betri ya lori ilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa: kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha kujazwa hapo hapo na altaneta. Sahani zake za risasi ndani ni nyembamba na nyingi ili zitoe nguvu kwa haraka. Ukiifanya itoe umeme kidogo kidogo kwa saa nne hadi ifike nusu, kila siku, sahani hizo zinachakaa na kuota ukoko mweupe wa salfeti. Baada ya miezi michache inasema imejaa, na ukiwasha TV inashuka ndani ya nusu saa.

Anayetaka kuijaribu betri ya asidi ya volti 12 aikatie kila kitu, aiache ipumzike saa kadhaa, kisha apime kwa mita. Ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma chini ya 12 imeisha, na kuiacha katika hali hiyo siku mbili tatu ni kuiua. Namba hizi ukizijua hutadanganywa na betri "mpya" iliyokaa ghalani mwaka mzima bila kuchajiwa.

Sisemi betri za asidi zote hazifai. Zipo zilizotengenezwa kwa sola, za maji na za jeli, zenye sahani nene, na kwa mwenye bajeti ndogo ni njia halali mradi asizitumie kupita nusu. Hesabu yake tu iwe ya kweli: betri ya jeli ya ampea 200 kwa volti 12 inabeba wati-saa 2,400, lakini za kutumia ni 1,200, karibu sawa na ile lithiamu ya ampea 100. Na maisha yake ni mamia ya mizunguko ya kujaza na kutumia, wakati lithiamu ya fosfati ya chuma, ile iandikwayo LiFePO4, huenda maelfu. Kwa anayekatikiwa kila siku, lithiamu inarudisha tofauti ya bei. Kwa anayekatikiwa mara mbili kwa mwezi, jeli inatosha.

Lithiamu nayo ina matapeli wake, na hapa mizani ndiyo shahidi. Betri ya kweli ya volti 12.8 na ampea 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Iliyoandikwa hivyo na ina kilo 5 imejazwa nusu, au imejazwa seli zilizochoka. Mizani ya mahindi iko kila kona ya mji huu, hakuna muuzaji mwaminifu atakayekukatalia kuipima. Betri za asidi zilizo wazi, kwa upande mwingine, zisilale chumba kimoja na watu. Zinapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, na asidi yake si kitu cha kukaa karibu na watoto.

"Chukua inveta kubwa, kubwa ndiyo salama."

Inveta ikiwashwa inakula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Ya kilowati 5 inaweza kula wati 50 muda wote. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 1.2, zaidi ya mara mbili ya kile TV, taa na ruta vya nyumba yetu ya mfano vilikula jioni nzima. Kwa bei ya shilingi 356 ni zaidi ya shilingi 12,000 kwa mwezi kwa ajili ya kuiweka tu ikisubiri. Nyumba ile inatoshwa na inveta ya wati 1,000 yenye wimbi safi, inayostahimili kupanda hadi wati 2,000 kwa sekunde chache friji inapoanza. Epuka zile za bei ya chini zenye wimbi la kukatakata. Mota ya friji huunguruma na kupata moto, na maisha yake hufupika.

Mara nyingi anayetaka inveta kubwa anawaza pasi, jiko la umeme na hita ya kuogea. Baridi ya Tunduma tunaijua, hita ni raha. Lakini hita ya wati 3,500 ingeimaliza betri yetu yenye wati-saa 1,024 kwa dakika 17, na kabla hata ya kufika huko kinga ya betri ingekata. Vitu vya kuchemsha visubiri umeme urudi, au vibaki kwenye gesi na mkaa. Mfumo wa akiba ukiuokoa na vitu hivyo vitatu, gharama yake hushuka kuliko kwa punguzo lolote la dukani.

"Sola itakufutia bili ya LUKU." Kwa nyumba hii, haiwezi kukulipa kwa njia hiyo. Wati-saa 600 kila siku ni uniti 18 kwa mwezi, kama shilingi 6,400, na kwa mteja wa matumizi madogo ni shilingi 2,200. Unachonunua ni mtoto kumaliza kusoma, duka la dawa kutozima friji, wakala wa fedha kutofunga saa ya biashara. Hivyo vina thamani, na muuzaji aviseme kama vilivyo.

"Jenereta ndogo ni nafuu zaidi." Kuinunua, ndiyo. Jenereta ndogo ikibeba mzigo mwepesi hula kama nusu lita ya petroli kwa saa; tuchukue lita kwa shilingi 3,000, saa nne ni shilingi 6,000 kwa nusu uniti ya umeme. Inafaa kwa mwenye mashine ya kuchomelea au saluni ya siku moja moja. Na isiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye baraza lililofungwa, hata mvua inyeshe vipi. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

"Sola inavuta radi."

Watu wa nyanda hizi wana haki ya kuogopa radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ngurumo ni za kila wiki, na si jambo la utani. Ila paneli iliyolala juu ya bati haiivuti radi kuliko bati lenyewe. Hatari iko kwenye nyaya: radi inapopiga jirani, msukumo wake hupita kwenye waya mrefu unaotoka kwenye paneli, au kwenye waya wa TANESCO, na kuingia kwenye inveta. Tiba inajulikana. Fremu za paneli ziunganishwe kwa waya wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi iliyozikwa vizuri, ethi hiyo iunganishwe na ya nyumba, na kiwekwe kizuia msukumo pande zote mbili, upande wa paneli na upande wa TANESCO. Vifaa hivi ni sehemu ndogo ya gharama yote. Fundi anayevitoa kwenye orodha ili bei ionekane ndogo anakuachia hatari.

"Mimi nimechomeka tu inveta kwenye soketi, nyumba nzima inawaka."

Hili sitalijibu kwa upole. Kuchomeka inveta au jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili, bila swichi ya kuhamisha umeme ambayo mafundi huiita chenjiova, ni kuurudisha umeme wako kwenye laini ya mtaa. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Volti 230 zinazorudi kutoka nyumbani kwako hupanda na kuwa maelfu ya volti juu ya nguzo, mahali ambapo fundi wa TANESCO amepanda akiamini laini imezimwa. Na umeme ukirudi ghafla, inveta yako inaungua hapo hapo. Chenjiova hulazimisha nyumba iwe upande mmoja tu, TANESCO au akiba, kamwe visikutane. Inveta nzuri inayopokea vyote viwili inayo ndani yake, mradi iunganishwe inavyotakiwa. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajashika koleo.

Upande wa pili wapo waliofungiwa inveta isiyo na betri, inayotegemea gridi, wakaambiwa umeme ukikatika watatumia jua. Inveta hiyo huzima yenyewe gridi inapozima, kwa makusudi, kwa sababu ile ile ya kumlinda fundi aliye juu ya nguzo. Hata jua liwe la saa sita mchana, nyumba iko gizani. Kama lengo lako ni akiba, bila betri hakuna akiba.

"Usijali, ina waranti ya miaka 25."

Ile 25 ni ahadi ya kiwanda kwamba paneli haitashuka chini ya kiwango fulani cha nguvu. Haihusu inveta, haihusu betri, na haihusu nyaya. Ahadi hiyo ina maana ikiwa tu kuna mtu wa kuidai. Mwaka 2019 Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa imefungia sola nyumba nyingi za Tanzania kwa mkopo wa malipo kidogo kidogo, ilifilisika. Wateja wake walipata mrithi kwa sababu ENGIE iliinunua mwaka huo huo. Kampuni kubwa yenye jina ilifika hapo, sembuse duka lililofunguliwa mwezi uliopita. Waranti unayoweza kuitegemea ni ya mtu aliye Tunduma, Vwawa au Mbeya, mwenye duka la kudumu, aliyeiandika kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya kila kifaa, ikitaja miaka ya betri peke yake na miaka ya inveta peke yake. Asiyekubali kuandika, muage kwa adabu uende duka la pili.

Kwa wakaguzi wa TBS na Tume ya Ushindani nina ombi moja. Paneli na betri za uongo zinaingia na kuuzwa mchana kweupe katika mji wa mpakani wenye ofisi zote za serikali. Futi kamba na mizani vinatosha kuzikamata nyingi kati yake. Piteni madukani navyo kabla ya msimu wa kuuza kahawa, kwa sababu ndipo mkulima wa Mbozi anapokuja na fedha zake za mwaka mzima.